Chatu Wako Hataki Kula

Baba,

Nakuandikia habari za Mgeni, maana najua ungekuwa hapa ungemuulizia yeye kwanza, kabla ya kuniuliza mimi nimeshindaje. Sijakasirika. Labda kidogo.

Tangu tukuzike hakula. Mwezi wa kwanza nilijitia hamnazo, nikisema chatu huvumilia njaa kuliko sisi, wewe mwenyewe ulinifundisha. Mwezi wa pili nikaanza kuzihisi mbavu zake kwa kidole. Wa tatu ngozi ya ubavuni ikalegea, na nilipomnyanyua alikuwa mwepesi, nikaogopa sana. Nimekuzika wewe. Sikuwa na nguvu ya kuzika tena kitu chako.

Unakumbuka siku ulipomtoa kwenye rundo la kuni, majirani wa hapa mtaani Jebel wote wameshika panga? Mimi nilikuwa nimetoka Nakuru juzi tu, sijui chochote cha kwetu, na nilikuwa upande wa panga. Ukasimama katikati ukasema, "Huyu ni wa ukoo wetu. Mgeni haulizwi anaondoka lini." Hakuondoka. Wakaanza kunitania kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kila nikipita kwenda kazini uwanja wa ndege.

Kwenye matanga yako watu wa nyumbani walifuata desturi. Kila aliyefika alimsalimu Mgeni na kumpaka samli mgongoni, kama anavyopakwa chatu akiingia nyumba ya ukoo. Walipoondoka, Shangazi Adut, dada yako, akaniambia niendelee: Mgeni anamlilia ndugu yake, mpake kila asubuhi, moyo wake utatulia. Na mimi niliyekulia mbali sikutaka kuonekana mjinga wa mila. Nikapaka kila siku. Nikimaliza namlaza mapajani, namwekea panya mbele ya pua, nakaa kwenye kitanda chako namtazama. Namsihi. Wakati mwingine namgombeza kwa maneno yako. Anageuza kichwa.

Jumapili iliyopita Shangazi alichoka. "Kalas, yametosha," akasema. "Jumamosi tunampeleka Rejaf, tumwache karibu na mto. Akifia humu ni mkosi kwetu." Nilijua maana yake. Kwa unyonge ule asingevuka hata shamba la kwanza, angekutana na jembe la mtu.

Aliyeniokoa ni Mama Prossy, Mganda wa duka la unga, yule uliyekuwa ukimtegea panya stoo. Jumanne aliniletea panya mwingine, akatukuta, Mgeni anang'aa mafuta, mimi nimemkodolea macho. Akasema, "Kila siku wewe nashika yeye, napaka yeye, naangalia mdomo yake. Wewe mwenyewe naweza kula hivo?"

Siwezi, Baba. Kwenye matanga wanawake walinizunguka na sahani ya mikate ya kisra, kila mmoja akingoja kuona kama nitameza, nikaisukuma sahani kando. Nilikula jikoni, nimesimama, siku walipotoka wote kwenda kuchota maji. Hapo ndipo nikakumbuka: siku za kumlisha Mgeni ulikuwa ukinitoa chumbani. "Toka, funga mlango." Miaka yote nilidhani huniamini. Nilinuna kwa ajili ya hilo, na umekufa sijakuuliza. Nisamehe.

Nikamwosha kwa maji ya vuguvugu mpaka samli yote ikatoka. Nikamrudisha kwenye sanduku lake, nikamwekea mtungi uliovunjika mdomo ajifiche ndani, nikafunika kwa leso. Jumatano na Alhamisi sikumgusa. Ijumaa jioni nilichukua panya mdogo aliyekufa mtegoni kwa Mama Prossy, nikamtia kwenye mfuko wa nailoni na kumzamisha kwenye maji ya moto mpaka akapata joto, nikamweka mbele ya mtungi kwa koleo la makaa. Kilichobaki ni kutoka tu.

Kutoka ndiko kulikonishinda. Nilishika kitasa nikashindwa kukivuta, maana tangu ufe sijawahi kuufunga mlango wa chumba chako. Nilikuwa nawaambia watu nauacha wazi Mgeni apate hewa. Uongo. Sikuwa nakaa humo kumwangalia yeye. Nilikuwa nakaa humo kwa sababu nikifunga, basi umekwenda kweli.

Nikapiga moyo konde, nikafunga.

Asubuhi Shangazi alikuja na gunia la kumbebea. Tuliingia pamoja. Panya hayupo, na katikati ya mwili wa Mgeni kuna kivimbe kidogo, kama ngumi ya mtoto. Shangazi akalikunja gunia, akaketi juu yake, akalia kwa sauti. Nikaketi karibu naye. Baadaye akaniuliza kama kuna chai.

Rejaf hatuendi tena. Samli tumeirudisha jikoni, na Shangazi anadai ni yake.

Nakuahidi hivi, Baba: nitamlisha kwa siku zake, nitatoka, nitaenda kazini, na sitakaa tena kitandani pako nikingoja. Wewe pumzika. Mlango nimeufunga, lakini sikutia ufunguo.

Binti yako,
Abuk