Ndama wa Msafara

Mama yangu wa Buhare, shikamoo. Nakuandikia nikiwa Bunda, nimeshiba sato wa kukaanga na sijaanguka hata mara moja.

Kwenye msafara wetu wa pikipiki, dereva mgeni anawekwa nyuma ya kiongozi na anaitwa "ndama", maana habanduki kwa mama yake. Toka tumetoka Musoma, hadi wauza mahindi wa barabarani wananiita hivyo. Tulipofika Butiama tukakuta ng'ombe wamejaa njiani. Kiongozi akapiga honi, wenzangu nao wakapiga, na dume moja likatuinamishia pembe. Nikawaambia wanyamaze. Nikazima pikipiki, nikapiga ule mluzi baba alikuwaga anawapigia ng'ombe wetu jioni. Dume likainua kichwa, likaondoka taratibu, na kundi lote likalifuata.

Kiongozi alicheka mpaka akavua helmeti. "Ndama," akasema, "kesho utatuongoza wewe."

Basi lala salama, mama. Kesho tunarudi kupitia hapo; ukisikia muungurumo, utoke nje hadi barabarani na wale majirani waliosema nitarudi nimebebwa kwenye lori la Kanta. Uwaonyeshe yule wa mbele kabisa, uwaambie ni mwanao.