Mama, Walinipeleka Kupumzika

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Nakuandikia nikiwa shambani kwako, ng'ambo ya mto. Mpunga uko magotini na magugu yameupita. Ungeona ungelia.

Tulipokuzika makaburini Lipangalala nilikuwa siongei. Watu wakasema msiba umenizidi, kumbe wewe unajua mimi siongei hata siku za kawaida. Mjomba Festo akatangaza kwamba mtoto ataugua, aende Unguja kwa Mama Mdogo akapumzike. Wote wakamsifu kwamba ana huruma. Mama Mdogo alipomaliza kuzika akaondoka na mimi. Nilitaka kusema nibaki mpaka matanga yaishe. Nilisema moyoni tu.

Hoteli anayofanyia usafi Mama Mdogo ni nzuri, sitadanganya. Mchanga kama unga wa mchele. Wageni wanalala juani kutwa nzima, wanaamka kugeuza ubavu tu. Mama Mdogo alinitafutia kiti kivulini, upande ambao wageni hawafiki, akaniletea juisi ya embe, akaniambia nisifikirie chochote. Nilijaribu. Asubuhi moja ndege wadogo wa njano wakatua kwenye meza ya wageni kula makombo ya mkate. Mama, sijui hata nilisimamaje. Nilipiga ule ukelele wako wa kuamia ndege kwenye mpunga, ule unaotoka tumboni, na kandambili nikarusha. Mzee mmoja wa Kizungu akamwaga kahawa yake yote. Mama Mdogo alinivuta mpaka nyuma ya jiko, akasema, "Wewe mtoto, hapa hata ndege ni wageni." Tukacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu ufe, na papo hapo nikaona uchungu, maana mwili wangu ulikuwa bado uko shambani.

Kesho yake nikaaga kwamba natembea ufukweni, nikageuza nikaelekea ndani ya kisiwa. Nilitaka kuona watu wanaofanya kazi. Jua la kule linakuchemsha, Mama, nguo inalowa kabla hujafika popote. Nilipita mawe, nikapita mihogo na minazi, mzee mmoja akanipakia kwenye gari lake la ng'ombe, na tulipoteremka kilima nikaona bonde la mpunga. Mpunga, Mama, kisiwani. Nilishuka bila kuaga vizuri.

Kulikuwa na wanawake wanapalilia. Mmoja akasema, "Mtoto wa hotelini huyo, atazimia akiona ruba." Wenzake wakacheka. Nilivua viatu nikaingia kwenye maji, nikaanza kung'oa yale magugu yanayofanana na mpunga, nikiyatambua kwa vidole kwenye shina kama ulivyonifundisha. Baada ya muda hawakucheka tena. Mkubwa wao, Bi Mwanahawa, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Ifakara, kwetu ni mpunga tu. Akauliza, "Na kwenu sasa nani apalilia?" Nikasema mama yangu amefariki. Ndiyo mara ya kwanza kulitoa neno hilo mdomoni. Akanipa pole, kisha akanitazama sana. "Basi wewe huku wafanya nini?"

Niliomba simu yake nikampigia jirani yetu, Mama Rehema. Alidhani najua. Jumapili walikuwa wamemaliza matanga. Ukoo ulikaa uani kwa Mjomba, mtaa wa Viwanja Sitini, wakagawana vitenge vyako. Kisha mzee wa ukoo akauliza kama inavyoulizwa siku zote, mtoto ameachiwa neno gani na marehemu? Mjomba akajibu kwa niaba yangu: "Mtoto hana neno. Angekuwa nalo angekuwa hapa." Basi shamba likawa la kwake.

Neno lilikuwepo. Ulikuwa mgonjwa kitandani, nakuosha miguu, ukaniambia, "Lile bonde nililifyeka mwenyewe. Ni lako. Usiliache." Tulikuwa wawili tu chumbani. Mama, nisamehe nikisema hili, lakini nimekukasirikia na wewe. Kwa nini hukusema mbele ya watu? Watu wote wale waliokuja kukuona, wenye midomo yao, ukaenda kumpa neno mtu asiyeweza hata kuomba chumvi kwa jirani.

Nilirudi hotelini nikamuuliza Mama Mdogo kama alijua. Alikuwa anakunja shuka. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema, "Kaka alisema hata ukiwepo hutasema kitu." Hilo limeniuma kuliko shamba, kwa sababu walinijua vizuri. Hawakuhitaji kunipiga wala kunifukuza. Walinipa kiti na juisi.

Nauli ya kurudi alinipa yeye mwenyewe, bila kunitazama. Nilipofika, Mjomba akasema nimependeza, hewa ya bahari imenikubali. Nikamwamkia. Hata yeye nilimwamkia, Mama, na akaitikia marahaba kwa sauti nzuri kabisa.

Mama Rehema ndiye aliyemwendea mzee wa ukoo kumwambia kwamba mtoto hajasikilizwa. Mzee amekubali watu wakae tena kesho, pale pale uani kwa Mjomba. Mjomba anasema sawa, waje, watakaa watanitazama kisha watakwenda nyumbani kwao. Labda ni kweli. Tangu juzi nafanya mazoezi huku peke yangu. Nasema lile neno nikipalilia. Kwenye mstari wa kwanza wa mpunga sauti ilikatika. Leo imefika mpaka mwisho wa shamba, ila huku hakuna anayenitazama.

Lala salama, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba watanirudishia shamba. Nakuahidi hivi: kesho nitasimama. Nikitetemeka nitasema nikitetemeka, nikilia nitasema nikilia, na sitakaa chini mpaka kila aliyepo awe amelisikia neno uliloniambia.

Mwanao,
Yustina