Mjomba, Maji Niliyasahau Mimi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hata kama barua hii itakukuta umeinama juu ya ile pampu huko machimboni, mikono imejaa grisi, najua utaitikia marahaba kwanza ndipo uendelee kusoma. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, na anauliza kama kile kikohozi kimekuacha.

Naiandika bila bahasha. Nakala moja nitampa dereva wa lori la Geita anayepita hapa kila Ijumaa. Nyingine nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa stesheni, pale pale lilipobandikwa tangazo lenye jina lako. Kosa lako lilisomwa na kila aliyekuja kukata tiketi, hata na watoto wa shule. Naona si haki ukweli uje kwako peke yako, kwa siri. Na tazama, nimeandika "kosa lako" kwa mazoea ya miezi hii. Halikuwa lako.

Nianze mbali kidogo. Unakumbuka Mama alivyokuwa akinituma stesheni na kifurushi cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, siku ambazo gari moshi ulilokuwa ukiendesha lilipita kutoka Tabora? Nilikuwa darasa la pili. Nilikuwa nakaa chini ya tangi kubwa la maji, kwenye kivuli chake, nikihesabu nguzo za simu mpaka moshi uonekane. Gari likisimama, ulishuka na spana mkononi, na kabla hujanisalimu mimi wala mtu mwingine ulikwenda kuligonga tangi la maji lililokuwa nyuma ya injini. Uligonga kuanzia juu ukishuka taratibu, kichwa umekiinamisha kama daktari. Siku moja ukaniita, ukanibandika sikio kwenye lile bati la moto.

"Juu hapa pakavu. Chini hapa pana maji. Umesikia palipobadilika?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimesikia kitu. Ukanitazama, hukukasirika, ukagonga tena.

"Kama husikii, sema husikii, Kabula. Gari halidanganyiki."

Mara ya tatu nilisikia kweli. Sauti ilikuwa ikilia kama debe tupu, halafu ghafla ikawa nzito, kama mtu anayegonga kifua cha ng'ombe. Ukacheka, ukachukua matobolwa yako, ukayaweka karibu na mlango wa moto yapate joto. Mpaka leo nikiyala ya baridi naona yamepungukiwa kitu.

Halafu zikaja injini za dizeli. Hazikuhitaji kusimama chini ya tangi letu. Wewe na wenzako mliagwa, injini zenu zikasukumwa kwenye banda. Ukasema hujui kulima na huwezi kukaa bure, ukaenda machimbo ya Geita kuendesha pampu ya kutoa maji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Uliporudi kutusalimu, Mama alikuuliza kazi ikoje. Ukamjibu kwamba zamani ulikuwa unalinywesha gari maji, sasa unalikamua shimo. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi niliona hukucheka.

Mimi nikasoma, nikamaliza, nikaajiriwa ukarani hapa hapa. Nilipokuandikia kukueleza, ulinijibu kwa mstari mmoja: "Usiogope simu, ni chuma tu." Ulijuaje? Niliiogopa simu ile kuliko kitu chochote. Reli yetu ni moja, magari yanakwenda na kurudi juu ya njia hiyo hiyo, na gari haliondoki hapa mpaka tuwe tumeuliza stesheni ya mbele kama njia ni nyeupe, haina gari, wakajibu, tukakiandika kibali na kumpa dereva mkononi. Kila nilipokiandika nilikisoma mara nne. Usiku niliota nimekiandika kinyume.

Ndipo ikaja habari ya safari za gari la mvuke. Injini moja ilikuwa imetengenezwa tena, na wakubwa wakataka iwe inatoka Jumamosi moja moja, Tabora hadi Shinyanga na kurudi, ikibeba wanafunzi, wageni, na wazee waliowahi kufanya kazi reli. Kazi ilikuwa kuipatia nafasi. Msimu ule njia ilikuwa imejaa: magari ya pamba yanashuka kutoka Mwanza, mafuta yanapanda, gari la abiria la Mwanza katikati yao. Bwana Maganga, mkuu wa stesheni yetu, aliambiwa aandae mapendekezo ya muda kwa kipande chetu, naye akanipa mimi kwa kuwa najua hesabu. Wewe ukaitwa kutoka Geita uendeshe.

Niliifanya kazi ile kwa siku tatu, Mjomba. Nilichukua muda wa dizeli, nikauongezea dakika kwa sababu gari lako ni zito na la polepole. Kwenye stesheni yetu nikaweka kituo cha dakika kumi, wanafunzi wapande. Nikapanga gari la pamba likusubiri stesheni ya mbele, na gari la abiria la Mwanza likufuate nyuma. Nilihakiki kila dakika mara nne. Zote zilikuwa sahihi. Bwana Maganga akatia sahihi, wakubwa wakapitisha.

Sikuandika maji popote. Mimi, niliyekua chini ya tangi lile.

Nimejiuliza mara nyingi imekuwaje. Jibu ninalolipata ni kwamba niliogopa kukosea hesabu, macho yangu yote yakawa kwenye hesabu. Karatasi niliyoifuata ilikuwa ya dizeli, na dizeli haina kiu. Tangi lenyewe sasa tulilijua kama bomba la akina mama wa kota za reli na la ng'ombe wanaopita. Ule mkono wake mkubwa wa kumwagia maji kwenye injini ulikuwa umeshika kutu, na mpira wake mtu alishaukata akatengenezea ndala.

Siku ile ulifika kwa wakati. Nilisikia filimbi yako kabla sijaona moshi, na moyo wangu ukawa wa mtoto wa darasa la pili. Watu walijaa. Watoto wa shule wamevaa sare zilizopigwa pasi, wazee wamevaa kofia zao za kazi za zamani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiomba njia, nimekubaliwa, kibali kipo mkononi kimeandikwa vizuri. Ukashuka na spana. Ukagonga.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi, na niliisikia sauti ile ikishuka na kushuka, tupu, tupu, tupu, karibu ifike chini kabisa ndipo ikawa nzito. Nilijua kabla hujageuka. Wewe ulipoona kwenye ratiba kituo cha dakika kumi hapa kwetu, uliamini ni cha maji, kwa kuwa miaka yako yote kituo cha hapa kilikuwa cha maji. Usingeweza kudhani vingine.

Ulikuja ukasimama karibu nami, ukaifungua karatasi, ukauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Kabula, maji yako wapi humu?"

Nikakunyooshea kibali, Mjomba. Nakiri hapa mbele za watu: nilitaka uondoke. Nilifikiri labda yaliyobaki yatafika. Nilikuwa tayari ulipeleke gari lenye watoto katikati ya pori bila maji ya kutosha, juu ya moto unaowaka, njia ikiwa imezibwa mbele na nyuma, ili mradi dakika zangu zisiharibike.

Ulikitazama kibali hukukipokea. Ukazunguka ukamwendea Bwana Maganga, ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mkuu, naomba maji. Nilipaswa kuomba tangu Tabora, nimesahau. Uzee."

Mengine unayajua, ila nataka wanaosoma ubaoni wayajue. Nilipiga simu kuirudisha njia niliyokuwa nimeiomba, na kwa mara ya kwanza simu ikawa chuma tu. Gari la pamba, lililokuwa limekungoja bure kule mbele, likaruhusiwa kuja likakupita. Gari la abiria la Mwanza likazuiwa kule nyuma. Wewe ukauliza nani ana ndoo, na akina mama wa kota wakaja na ndoo, masufuria, na madebe ya kuogea watoto. Mstari ukajipanga kutoka kwenye bomba hadi juu ya injini. Wanafunzi wakaingia katikati, wageni nao wakakunja mikono ya mashati. Akina mama wakaanza wimbo wa kulimia, na ndoo zikaenda kwa mapigo ya wimbo. Mama Shija alikuwa mwanzoni mwa mstari, na kila akipokea ndoo tupu anakuita.

"Baba, ng'ombe wako huyu hashibi?"

"Hashibi, lakini leo simnyweshi ashibe. Nataka afike Shinyanga tu."

"Na huko akifika?"

"Huko kuna wake zake, watamnywesha wao."

Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Mimi nilikuwa kwenye mstari, karibu nawe, na sikuweza kucheka. Uliinama kupokea ndoo yangu ukasema maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Nyamaza. Wewe una miaka thelathini ya kazi mbele. Mimi nina Jumamosi chache tu."

Nikanyamaza. Mlipoteza hapa muda wa karibu saa mbili. Ukaligonga tena tangi, ukanitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba nimesikia palipobadilika. Ukaondoka.

Walipokuandikisha maelezo uliandika kwamba hukuomba maji kwa uzembe wako. Abiria wa Mwanza walikuwa wamelalamika, na mwenye pamba naye. Likaja tangazo: dereva fulani, aliyechelewesha magari matatu kwa kusahau wajibu wake, asiitwe tena kwenye safari hizi. Mimi ndiye niliyepewa gundi nilibandike. Nililibandika, Mjomba. Nikahakikisha halijapinda.

Wewe ulikuwa umeondoka kwa lori asubuhi iliyofuata safari ile. Mama aliuliza kwa nini hukukaa hata siku mbili, ukamwambia pampu haina mtu. Hukunitazama kwa lawama hata mara moja. Ningefurahi ungenitazama hivyo.

Tangu hapo ninakwenda kazini, nauliza njia, naandika vibali. Bwana Maganga ananisifu kwa uangalifu. Wazee wa reli wakipita ubaoni wanatikisa kichwa, wanasema pole yake, uzee umemshinda. Kila wakisema hivyo nainamia daftari. Nikija nyumbani Mama anasema ndugu yake hakuwa msahaulifu hata utotoni, haelewi. Nami nakata mboga.

Juma hili imeletwa barua nyingine. Safari ya mvuke itarudi, na nimeambiwa niandae tena muda. Dereva waliyemtaja ni kijana wa dizeli, hodari, lakini hajawahi kuligonga tangi la gari la mvuke akalisikiliza. Nilikaa na karatasi tupu mbele yangu tangu asubuhi. Nikaona kwamba nikiandika maji safari hii bila kusema kwa nini hayakuwapo safari ile, nitakuwa nimekunyooshea kibali mara ya pili.

Basi leo saa nne nimeandika maelezo yangu, ukurasa mmoja, nikampelekea Bwana Maganga. Aliusoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho akakaa, akausoma tena. Aliniuliza kama nina hakika, maana karatasi ikishapelekwa juu hairudi. Nikasema nina hakika, na kwamba naogopa sana. Akachezea kifuniko cha kalamu.

"Na sahihi yangu ipo kwenye ratiba ile," akasema. "Niliitia bila kusoma, kwa sababu wewe husoma mara nne."

Nilidhani ataichana. Akachukua kalamu, akaandika chini ya maelezo yangu mistari miwili ya kwake, akagonga mhuri. Imeondoka na gari la mchana. Sijui watakachoamua. Huenda ukisoma hapa mimi si karani tena, na Mama ataniuliza mengi. Lakini nimekula chakula cha mchana leo, nikakimaliza, jambo ambalo sijalifanya siku nyingi.

Tangazo lako nimelibandua mwenyewe. Lilikuwa limeshika sana, nililipaka gundi nyingi. Limebaki doa jeupe ubaoni, na barua hii inatosha kulifunika.

Ratiba mpya nimeshaiandaa. Stesheni yetu: maji, dakika arobaini. Akina mama wa kota nimewauliza itakuwaje mkono wa tangi usipotengenezwa kwa wakati, wamesema ndoo zipo, na Mama Shija anataka kujua kama ng'ombe bado hajashiba. Kwenye nafasi ya jina la dereva sijaandika kitu. Nimewaomba wakubwa wayasome maelezo yangu kwanza, ndipo waijaze.

Wakikuita, Mjomba, njoo. Ukishuka usinitafute ofisini. Gonga tu, kuanzia juu. Nitakuwa nimeinamisha kichwa, nasikiliza, na safari hii nikiwa sijasikia nitasema sijasikia.

Nakuaga kwa leo, na matobolwa yako yamo kwenye mfuko atakaokupa dereva wa lori. Yapashe moto.

Mtoto wa dada yako,
Kabula