Kahawa ya Novath Mkobani mwa Mwenyekiti

KIKUNDI CHA MTINDI AMATE, OMURUSHAKA
Jumanne 14 Mei 2024, saa 4:10 asubuhi, chumba cha kupozea maziwa

Waliohudhuria: Bi. Kemilembe (Mwenyekiti na mwanzilishi), Bi. Ruth (msimamizi wa uzalishaji), Ndg. Novath (msambazaji, mume wa Katibu tangu tarehe 27 Aprili, siku njema kuliko zote), Bi. Ninsiima (Katibu).
Hakuhudhuria: Ndg. Leonadi. Ng'ombe wake anazaa.

KUMB. NA. 1/5/2024: MZEE RWEGOSHORA WA KAISHO
...na kwa hiyo, kuendeleza maneno yaliyoanzia mlangoni kabla ya sala, Bi. Ruth alisema mteja huyo hakupotea, alipotezwa.

Ilielezwa kwamba Alhamisi iliyopita Mwenyekiti alikuwa msibani Bugomora, simu imezimwa. Mzee Rwegoshora, mwenye nyumba ya wageni, alitaka ndoo thelathini za mtindi kwa harusi ya Jumamosi. Ndg. Novath alikuwa amesimama mbele yake na mtindi ulikuwepo. Lakini kwa agizo la Mwenyekiti, msambazaji haruhusiwi kuzungumza na mteja zaidi ya salamu. Alimwamkia, akamwamkia tena, akaondoka. Ndoo ziliagizwa kwingine.

Mwenyekiti alieleza kwamba wateja wote ishirini na watatu aliwatafuta kwa miguu, kikundi kikiwa hakina hata jokofu, na wamezoea sauti yake.

Bi. Ruth alijibu: "Mama, sauti yako ilikuwa msibani."

KUMB. NA. 2/5/2024: MAKABIDHIANO YA MACHI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba alishamkabidhi mteja huyo kwa Ndg. Novath.

Ndg. Novath, kwa upole uleule uliomfanya Katibu akubali posa, alieleza makabidhiano yalivyokuwa. Mzee aliwapa wageni kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya kumkaribisha mgeni. Mwenyekiti alipokea yake, akapokea na ya Ndg. Novath, akaitia mkobani akisema huyu ni wa pikipiki tu, hatafuni.

Mwenyekiti alisema hakumbuki jambo hilo. Bi. Ruth aliomba mkoba ufunguliwe. Kahawa ilionekana.

KUMB. NA. 3/5/2024: SIMU
Kabla kahawa haijarudishwa mkobani, Mzee Rwegoshora alipiga simu kwa Mwenyekiti. Ilisikilizwa na wote. Alisema ana kipaimara tarehe 8 Juni, ndoo arobaini. Mwenyekiti alianza kusema atakwenda mwenyewe.

"Hapana, mama. Nipe yule anayeniletea ndoo. Nikimwuliza safari hii, atajibu?"

Mwenyekiti aliishika simu muda mrefu. Kisha alimpa Ndg. Novath.

"Shikamoo, mzee. Arobaini zipo. Ijumaa tarehe 7 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa mlangoni kwako."

Katibu aliandika kuhusu sauti hiyo nusu ukurasa. Mwenyekiti aliagiza ubaki mstari mmoja: ilikuwa nzuri sana.

AZIMIO: Wateja wote wa Kyerwa, Kaisho ikiwemo, wako chini ya Ndg. Novath. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba amekubali kwa hiari. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/5/2024: KUFUNGA
Wajumbe waliagana saa 6:25 mchana. Mwenyekiti aliahidi mbele ya wote kwamba kabla mwezi huu haujaisha atamsindikiza Ndg. Novath Kaisho kumtembelea Mzee Rwegoshora, atakaa nyuma kwenye pikipiki, na mkoba atauacha nyumbani.

Kemilembe, Mwenyekiti: ....................
Ninsiima Novath, Katibu: ....................