Magauni Manane ya Jora Moja

Jumamosi, 5 Machi 1983

Jora limefika! Abbasi, binamu yangu wa Mombasa, kavuka nalo. Alipita porini wapi sijui, na sikumuuliza. Mpaka umefungwa mwaka wa saba huu, lakini mama yangu hajaukubali; ndiye aliyelituma. Krepu ya kijani, maua meupe, yadi thelathini. Nimekinusa kitambaa mpaka Abbasi akanicheka. Kinanuka kabati la mama! Nikalia kidogo, nikajifuta na kanga, nikatafuta futi.

Maduka ya Dar yana rafu tupu. Hata sanda siku hizi ni kwa kibali.

Mume wangu Awadhi hajui. Yuko Mbeya na kazi zake za reli mpaka katikati ya Aprili. Akirudi atafoka kama mume, kisha ataomba ashonewe shati.

Jumanne, 8 Machi

Nilitaka magauni mawili tu, kitambaa kingine nikifiche. Kuruthumu kaliona jora. Huyu ni wifi yangu, dada yake Awadhi, anakaa chumba cha mbele, na hajapata kuona kitu akanyamaza. Kasema tushone sare! Wanawake wa nyumba hii na wa nyumba ya jirani, wanane, halafu twende nazo Kigamboni Jumapili ya tarehe ishirini.

Nimekubali. Miaka saba hapa uani wananiita "mgeni wetu", leo wamepanga foleni mlangoni kwangu kupimwa kifua. Raha yake siwezi kuieleza.

Jumapili, 13 Machi

Matano tayari. Taabu ni uzi. Nimezunguka Kariakoo yote, nikauliza kwa kunong'ona kama mtu anayetafuta gongo — rili mbili tu. Basi nimefanya ujanja wa mama. Ukingo wa jora haufumuki, kwa hiyo sikuukata. Nimeuingiza kwenye mshono wa ubavuni. Hakuna haja ya kuziba kingo kwa uzi. Rili nzima nimeiokoa! Ndani ya gauni langu pasafi kuliko nje ya magauni ya mafundi wa barazani. Nasema bila haya.

Hyasinta wa chumba cha kati — yule nesi wa kutoka Ndanda — kataka mikono ya puto. Na mikono yake yote ile! Nimempa puto.

Jumapili, 20 Machi

Tangu nije nchi hii sijapata siku kama ya leo.

Wanane, kijani kitupu, kutoka Msimbazi mpaka Magogoni kwa miguu. Wanaume wanageuka! Kwenye pantoni mzee mmoja kauliza harusi iko wapi, Kuruthumu kamjibu iko hapa, bado bwana harusi tu. Mihogo, samaki wa kukaanga, chai bila sukari. Nani alijali sukari. Tumeimba mpaka sauti zimekauka.

Hyasinta alilowa na mawimbi, akavua gauni, akaligeuza ndani nje kulianika. Akaniita. "Dada, hapa pameandikwa nini?" Kwenye ukingo ule ule niliojivunia. Herufi za dhahabu, jina la kiwanda, na kwamba kitambaa kimetengenezwa Kenya. Kila mmoja akajifunua ubavu kutazama — maandishi yale yale, magauni yote! Tukacheka kufa. Kuruthumu kasema basi sote tumevaa pasipoti.

Kurudi, saa kumi, tumepiga picha ya pamoja karibu na Posta. Mpiga picha katuambia ataitundika dirishani kwake. Upande wa pili Land Rover imesimama, wanaume wawili ndani, wanatutazama tu. Jumapili mchana magari ya binafsi hayaruhusiwi barabarani. Gari lile, basi, lilikuwa la nani?

Alhamisi, 24 Machi

Picha iko dirishani. Nimependeza. Nimepita mara mbili kujitazama, mara ya pili nikajifanya natazama saa.

Jumamosi, 26 Machi

Msako. Tangu jana redio haisemi jingine — walanguzi, wahujumu uchumi, mali zilizofichwa. Muuza vitambaa wa kona kachukuliwa asubuhi na kandambili miguuni. Mtaroni mbele ya nyumba kuna miche ya sabuni, mizima, na hakuna anayeiinamia! Sabuni tuliyoisaka tangu Januari. Mnazi Mmoja watu wamekuta majora yametupwa majanini.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Sadalla, kapita mlango kwa mlango. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, lakini macho yalikuwa kwenye cherehani yangu. Kila kitu kitafutiwe risiti, kasema. Akaondoka taratibu.

Jumapili, 27 Machi

Hakuna aliyetaja Kigamboni.

Saa tano Hyasinta kaja na gauni lake, limefungwa kwenye gazeti. "Dada yangu, nisamehe. Maandishi yale. Wakiniachisha kazi nirudi Ndanda nikafanye nini?" Nikampokea. Nikamwonea na huruma, jamani! Nikamwambia weka tu hapo.

Baada ya adhuhuri wamekuja wawili wa nyumba ya jirani, kila mmoja na kifurushi chake.

Jumatatu, 28 Machi

Sofia, mwenzetu wa humu humu ndani, hakubisha hodi hata. Nimelikuta gauni lake limening'inia kwenye kitasa changu, kila apitaye ukumbini alione.

Jumanne, 29 Machi

Nimekwenda kwa mpiga picha nimwombe aitoe. Dirishani pana alama nyeupe tu ya mstatili. Imenunuliwa, kasema. Na nani? "Mtu tu, dada. Kachukua na negativu yake." Hakunitazama usoni. Nikamwuliza mtu huyo kauliza nini. Kauliza hao wanawake wanakaa wapi, nami sijui mnakokaa, dada, sijui kitu — na huku anafunga duka saa sita mchana.

Nilirudi nyumbani kwa kupitia vichochoro.

Jumatano, 30 Machi

Manane. Yote yamerudi. Mawili ya nyumba ya jirani asubuhi, kisha la mwisho — la Kuruthumu. Kalifua, kalipiga pasi, kalikunja vizuri. "Wifi, wewe ndiwe fundi. Kwako nguo haishangazi mtu."

Nilikaa kitandani nikayapanga. Ndipo nikaona. Gauni moja ni nguo ya mtu. Manane ya kitambaa kimoja, vipimo vinane, chumba kimoja, cherehani pembeni — hilo ni duka! Walipoyavaa wao tulikuwa wanawake wanane wametoka matembezi. Waliponirudishia nimekuwa mlanguzi. Na mimi niliyapokea moja moja, nikisema haidhuru, haidhuru. Mjinga mkubwa!

Nimezunguka kuwaomba kila mtu achukue lake, hata kwa juma moja. Hyasinta hakufungua, redio yake nikaisikia ikipunguzwa. Sofia kasema atamwuliza mumewe. Kuruthumu kanikumbatia, kaniambia Awadhi akirudi yote yatakwisha. Awadhi atarudi tarehe kumi na tano. Wanaochukuliwa hawasubiri tarehe kumi na tano. Na mimi wakinichukua wananipeleka wapi? Mwenzangu ana kwao Rufiji, ana kwao Ndanda. Kwetu kuna mpaka uliofungwa.

Naogopa. Naiandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 31 Machi

Niyachome? Krepu ikiungua inanuka mtaa mzima. Niyatupe? Mitaroni sasa wamesimama mgambo, jana wamemkamata mama mmoja na ndoo ya sukari anakwenda kuimwaga.

Nimeamua kuutoa ukingo. Nyembe na subira. Lakini ukingo ndio mshono wenyewe! Ukiutoa, ubavu wote unaachia, na uzi wa kurudishia sina hata wa kutungia sindano. Kazi ya wiki mbili naifumua kwa mikono yangu mwenyewe, na ilikuwa kazi nzuri. Matatu hadi magharibi. Vipande vyake nimevisokomeza ndani ya godoro.

Kuruthumu kachungulia. Kaona mkasi, kaona maua meupe sakafuni. Hakuuliza. Yule ambaye hajapata kuona kitu akanyamaza!

Ijumaa, 1 Aprili

Saa tatu asubuhi. Wako nyumba ya jirani. Nasikia vitanda vinavutwa. Manne yamekwisha, manne bado. Vidole vimekatwakatwa na wembe, nimechafua krepu damu.

Nimejiambia: lililo langu nitalivaa. Mawili nitayavaa chini yake. Bado moja.

Wametoka jirani. Buti. Ni barazani kwetu sasa — Mzee Sadalla namjua kwa kikohozi, na wengine wawili au watatu. Mlango wangu nimeutia komeo, naandika nimeuegemea. Nimevaa magauni matatu na jasho linanitoka. Hili la nne nimelishika, sijui la kulifanya.

Mmoja wao, sauti siijui, anauliza nyumba hii nani anashona. Anataja na picha.

Redio ya Hyasinta imezimwa. Nikasema moyoni wenzangu saba wamo kwenye picha pamoja nami, hakuna atakayesema.

Halafu Kuruthumu, kwa sauti tamu ya kumkaribishia mgeni chai: "Ah, baba, mnamtaka yule Mkenya. Chumba cha mwisho, kulia. Sisi tunajuana naye kwa salamu tu."