Galoni Sita, Mpaka Kitale

Kakuma, 10 Februari 1974

Mwanangu Wainaina,

Leo ni miaka ishirini kamili tangu niletwe Lodwar na pingu, na kumi na mitatu tangu niachiliwe nikahamia hapa. Mimi mzima, isipokuwa goti. Mkeo Rispa na mtoto hawajambo?

Umeniuliza, kwa ajili ya rasimu ya sheria ya kubana matumizi ya mafuta mnayoandika ofisini, kama wanunuzi wa magari hujali mafuta. Nimewauliza wanaokuja kwenye mapipa yangu ya petroli. Epuyo, mwenye lori la mbuzi, alinicheka: "Mzee, ngamia hunywa kama mwendawazimu siku moja, kisha anatembea siku kumi. Nani humlaumu?" Lomuria, dereva wa Landrova ya zahanati, akasema, "Mimi siulizi linakunywa kiasi gani. Nauliza, litanirudisha?"

Basi waambie wakubwa wako hivi: watu hujali, lakini kila mnunuzi hupima mafuta kwa safari anayoikusudia. Msiyapige marufuku magari yote yanayokunywa sana. Mtawaua wagonjwa wa huku.

Baba yako

---

Nairobi, 3 Machi 1974

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, mtoto ameota meno mawili. Vipi goti?

Mkubwa wetu alisoma maneno yako kwa sauti mbele ya wote. Akauliza, "Huyu mzee ni mhandisi?" Nikamwambia, ni karani aliyefungwa na wakoloni. Kifungu cha kuyaruhusu magari ya nchi kame kimeingia kwenye rasimu.

Mimi pia natafuta gari. Nikilipata, nitakuja mwenyewe kukuchukua. Chumba kipo.

Mwanao

---

Kakuma, 1 Aprili 1974

Mwanangu,

Ejok, kama wanavyosalimiana hapa. Goti limesahau kuuma.

Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Hicho chumba, dirisha lake linatazama wapi? Ninamfundisha jirani yangu Akuwam kuvuta petroli bila kuingiza mchanga. Anamwaga, lakini atajua. Sanduku nimelipanga: vitabu vinane, shuka, na lile koti zito nililokamatwa nalo. Huku halijapata siku ya kuvaliwa.

Baba yako

---

Nairobi, 14 Julai 1974

Baba mpendwa,

Hujambo? Utuwie radhi kwa kimya. Kazi ni nyingi.

Gari nimenunua! Dogo, jeupe, maili arobaini kwa galoni. Nilifuata fundisho lako: kabla ya kulipa niliandika safari zangu zote. Ofisini, sokoni, kanisani, kwa wakwe Nakuru. Tangi ni galoni sita, linanitosha wiki nzima. Limekaa chini kidogo, lakini ni gari la lami. Ile habari ya kuja huko tutaipanga.

Mwanao

---

Kakuma, 5 Agosti 1974

Mwanangu,

Salamu, na hongera. Sisi huku tunaendelea.

Nimepiga hesabu. Galoni sita zitakufikisha Kitale. Baada ya hapo ni mchanga, na gari la chini humaliza mafuta likijikwamua. Orodha yako ya safari nimeisoma mara nyingi. Hukusahau kitu, ndizo safari zako. Sikulaumu. Ni mimi niliyewafundisha ninyi jinsi ya kumsoma mnunuzi.

Koti nimempa Lomuria. Akipeleka wagonjwa Kitale hukuta baridi. Jana alifika tangi likiwa kavu kabisa, nikamjazia. Akuwam bado anamwaga.

Mbusu mtoto. Chumba mpeni yeye, atakapokua. Mimi sitarudi.

Baba yako