Jiwe Lisilotembea

Da Zuwena, nakushika miguu kutoka Maskati, ingawa yangu mie leo haishikiki.

Hiyo hoteli nzuri ya Bustan kwenye picha ya kadi hii, usidhani nimeingia. Nimeiangalia kutoka juu ya jabali, kama mbuzi. Shemeji Nasoro, mume wa Rahma wa shangazi, ana starehe yake: wenzake Ijumaa wakilala, yeye hupanda majabali kutafuta mawe yaliyowekwa na wapima ardhi wa zamani. Mgeni lazima akirimiwe, basi mie nimekirimiwa jabali. Jua kama tanuri, nami na makubadhi yangu!

Kileleni nikaonyeshwa ajabu yenyewe: kipande cha saruji chenye chuma katikati, kimo cha kinu.

"Ndilo hili tu?"

Shemeji akalipapasa kama mwanawe, akanimiminia kahawa. "Tangu liwekwe, halijasogea hata upana wa ukucha."

Nikacheka mpaka nikapaliwa. Jiwe halina mlinzi, wala halijui kuswali, na limetulia. Letu la Fuoni, la mpaka wa kiwanja cha marehemu baba, linalindwa na jirani yetu Maalim, mcha Mungu wa kupigiwa mfano, na kila masika linasogea. Tena halijakosea njia hata siku moja likaenda kwake.

Nilipomsimulia shemeji, hakucheka. Kakunja uso kama kaambiwa msikiti umeibiwa.

Nibusie wanao. Maalim naye mpe salamu zangu makhsusi: mwambie nnarudi na mgeni, ana futi kamba, na anapenda sana mawe.

Mdogo wako,
Salma